Nilivyoijaribu Mashine ya Wasioona

Jumatatu, 3 Machi

Jua halijazama na habari yangu imeshaharibiwa. Kinyozi anasimulia kwamba nimemnyang'anya kipofu kiti. Mke wa mwanangu kasikia sokoni kwamba nimejitia upofu kwa ajili ya biskuti. Wote hawajui. Kiti kilikuwa kitupu. Na biskuti nililetewa, sikuomba.

Naandika mwenyewe. Shule sikuiona, herufi nimejifunza kwenye magunia, miaka thelathini na moja ya kubeba mizigo ghalani. Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa. Basi ilikuwa hivi.

Nilikwenda zahanati na goti langu. Foleni imetoka mpaka nje ya geti. Nimevaa miwani myeusi kwa sababu ya jua, nimeshika fimbo kwa sababu ya goti. Dada wa mapokezi akanishika kiwiko kwa upole, akaniuliza kama nimekuja kwenye majaribio ya wasioona. Sikusema ndiyo. Nilisema asante. Hapo pana tofauti, lakini kinyozi hawezi kuijua.

Chumba kina feni. Kiti kina mto. Chai ya maziwa. Yuko injinia, binti mpole, anatengeneza mashine ya kupokea wagonjwa. Unajiandikisha mwenyewe, inakupa karatasi yenye namba na mlango wa kuingia. Alikuwa nazo mbili. Moja ina vitufe vilivyoinuka na inasema kwa sauti. Nyingine ni kioo kitupu, laini kama sahani, kila kitu ni picha na maandishi. Alisema ya kioo ndiyo rahisi kutengeneza, ila anaogopa wasioona hawataiweza. Wametangaza wiki nzima, na aliyekuja ni mimi peke yangu.

Akaniambia nitafute picha ya goti kwenye kioo. Nikapapasa kidogo kwa heshima, halafu kidole kikaenda kwenye goti moja kwa moja. Injinia akashika kichwa. Nikamwambia vidole vya mpagazi vina macho. Nikatafuta na jino, na tumbo, na mama mjamzito. Sikukosea hata moja. Akanipa karatasi nitie sahihi, nikaitia ndani ya kisanduku chake bila kuonyeshwa. Hakuna aliyeshangaa.

Nimerudi na biskuti nne mfukoni. Naona aibu kidogo. Labda ni chai, ilikuwa na sukari nyingi.

Jumatatu, 10 Machi

Mashine imefungwa ukumbini. Ya kioo. Nimepita kuitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga. Nikamweleza mlinzi kwamba bila mimi isingekuwapo. Akaniuliza nilifanya nini. Nikasema mambo ya kitaalamu.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji yangu, dada wa marehemu mke wangu, haoni tangu utotoni. Anapokea simu kiwanda cha magodoro, anajua sauti ya kila mtu hapa na siri za nusu yao. Hapendi kushikwa mkono barabarani. Aliyemshika mara ya mwisho aliulizwa kama amekuja kuposa.

Kila mwezi anakwenda zahanati kuchukua dawa. Peke yake. Anainamia dirisha, ananong'ona, anapewa, anaondoka. Leo amekuta dirisha limefungwa na karatasi imebandikwa: tumia mashine. Karatasi, kwa yeye. Mlinzi ndiye aliyemsomea.

Akapapasa kioo. Kikampeleka kwa daktari wa meno. Akapapasa tena. Kikampeleka chanjo ya watoto wachanga. Walio nyuma wakaanza kuguna. Ndipo akaja kubisha kwangu. Alisema miaka ishirini na mbili hajaomba kusindikizwa pale, leo anaomba, na nisijaribu kujisifu.

Nikaenda naye. Mashine inauliza tatizo lako ni nini, inashusha orodha. Sasa mimi kusoma kimya siwezi. Ghalani mmoja alikuwa anasoma gunia kwa sauti, mwenzake anaitikia, ndivyo nilivyojifunza. Nikasoma. Moja baada ya jingine, kama magunia. Nilipofika kwenye la kwake nikauliza kwa sauti ile ile, ni hili hapa, shemeji? Ukumbi mzima ukageuka. Karani wa kiwandani kwao alikuwa amekaa benchi la mbele.

Neno lenyewe sitaliandika. Nimeshalisema mara moja, yatosha.

Shemeji aligeuka akaondoka na fimbo yake nyeupe, haraka kuliko mimi mwenye macho. Dawa hakuchukua. Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kumwomba radhi. Amesemea mlangoni, hakufungua. Anavyo vidonge vya siku sita. Vikiisha vimeisha. Pale harudi mpaka aweze kujibonyezea kwa kidole chake.

Nikasema basi nitakwenda kumchukulia mimi. Akasema vizuri, nisisahau kubeba kipaza sauti.

Halafu akasema amesikia kwamba yupo mzee mmoja asiyeona aliyeijaribu ile mashine akasema ni rahisi. Maneno ya kinyozi kumbe hayajamfikia. Akamwita mzee huyo mjinga aliyekosa hata haya. Nikaitikia. Nikaongeza na tusi langu. Akasema angalau kwa hilo tumekubaliana.

Chakula cha mchana kimenishinda. Mke wa mwanangu ameuliza kama naumwa. Nimesema goti.

Alhamisi, 13 Machi

Nina mpango. Usiku sikupata usingizi, lakini alfajiri mpango umekuja mzima mzima kama yai.

Kama taabu ya kioo ni ulaini, tukitie vipele. Nimechukua vifungo vya shati kwenye kopo la mke wa mwanangu. Cha matundu mawili kwa jino, cha matundu manne kwa tumbo, kikubwa cha koti kwa ugonjwa wa shemeji. Kila picha na kifungo chake. Gundi ya fundi viatu. Saa ya mchana, dada wa mapokezi yuko kula, nikavibandika sita kwa mkono usiotetemeka. Injinia mwenyewe hakuwahi kufikiria hilo.

Gundi ilikuwa mbichi. Ikachuruzika. Kioo kikadhani kuna mtu amekandamiza mama mjamzito na hataki kuachia. Nusu saa nzima kila aliyejiandikisha alipewa mlango namba saba. Mkunga akafungua mlango wake akakuta wazee tisa wamekaa foleni, kinyozi akiwa wa tatu, na jipu lake shingoni. Mkunga akamuuliza ni mimba ya ngapi.

Nilicheka. Halafu mashine ikazimika kabisa. Yupo mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa, amekaa mpaka saa kumi jioni kwa sababu hakuna aliyejua pa kumwandikia. Sikucheka tena. Mlinzi akauliza nani kafanya hivi. Nikasema joto.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi amekuja kukwangua. Vifungo wameviweka mezani kwa mganga mkuu kama ushahidi. Mke wa mwanangu anatafuta kifungo cha koti. Nimemsaidia kutafuta, nimepiga magoti mpaka chini ya kitanda, na goti hili.

Shemeji ana vidonge vya siku nne.

Jumatatu, 17 Machi

Mkutano. Mganga mkuu ameita wote wenye malalamiko ya mashine, ukumbi umejaa. Injinia naye amekuja. Shemeji alikaa mbele. Amebakiwa na kidonge kimoja, cha kesho. Mimi nilikaa nyuma, na miwani yangu.

Shemeji akasema yeye hakuja kulia. Alisema ugonjwa wake ni wake, kama pochi yake, na mashine hii inamlazimisha ampe mtu mwingine pochi aifungue mbele ya watu. Akauliza ilipotengenezwa alifikiriwa nani.

Injinia akajibu kwa upole. Akasema walijaribu. Akasema mzee asiyeona aliweza mara ya kwanza, kila picha, kwa hiyo waliona wengine watazoea.

Shemeji akauliza wasioona wengine waliitwa kwa njia gani. Injinia akasema walibandika tangazo. Shemeji akasubiri. Ukumbi wote ukasubiri naye. Injinia akajifunika uso kwa daftari.

Na huyo mzee, shemeji akasema, tangazo alisomewa na nani? Akasema anataka kumwona. Alisema hivyo hivyo, kumwona. Anataka amfundishe.

Hapo nikasimama. Nikavua miwani. Nikasema kwa sauti ya kiume kwamba mzee huyo ni mimi, macho yangu ni mazima, na vifungo navyo ni vyangu. Watu wakapumua. Mtu mzima mmoja alifuta machozi.

Shemeji akauliza nililipwa nini. Nikasema chai. Akauliza na nini tena. Nikasema biskuti nne. Akasema ingekuwa pakiti nzima angenielewa. Watu walicheka, mimi nikacheka nao kidogo, nikaona sicheki.

Kisha akamgeukia injinia. Akamwambia asinitupie mimi mzigo wote, mimi nimezoea mizigo lakini huu si wangu peke yangu. Aliyeuliza mtu mmoja, akajibiwa alichotaka kusikia, akafunga daftari, naye ana sehemu yake. Akataka dirisha lifunguliwe leo hii. Akataka mashine yenye vitufe na spika ya sikioni, na watakaoijaribu wapigiwe simu. Namba zao anazo yeye, kichwani.

Mganga mkuu aliinuka akafungua dirisha kwa mkono wake. Shemeji akainama, akanong'ona, akapewa dawa yake. Mimi nilisimama mbali na kuziba masikio kwa vidole, ili ajue. Mlinzi akamwambia nimeziba masikio. Akasema ningeziba mdomo.

Ijumaa, 28 Machi

Mashine ya vitufe imekuja. Wamekuja watu watano kuijaribu, wamepigiwa simu. Wameikosoa mpaka injinia ameomba maji. Sauti inakwenda mbio, kitufe cha kurudi nyuma kiko mbali, waya wa spika mfupi kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Ameandika yote. Anarekebisha.

Shemeji amejiandikisha mwenyewe. Ukumbini watu waliona mgongo wake tu. Sikuwapo, nimesimuliwa na mlinzi. Jioni nimepita kwake kumpongeza. Amefungua mlango safari hii, lakini hakusema karibu. Amesema ametosheka na mimi kwa mwezi huu. Nimesema sawa. Nimesimama pale mlangoni muda mrefu baada ya kufungwa, nikijifanya natafuta kitu mfukoni.

Jumamosi, 29 Machi

Injinia anatengeneza ubao wa taa wa kuwaita wagonjwa wasiosikia. Majaribio ni Jumatano. Wametafuta watu kwa ujumbe wa simu, na mmoja umepotea njia ukaja kwa mwanangu. Chai itakuwapo.

Nimefikiria kwa makini. Safari hii haitamdhuru mtu. Taa ni taa, mtu anaiona au haioni, na mimi naona vizuri sana. Tena umri wangu huu, masikio yangu kweli hayako kama zamani. Nikiwaambia ubao ni mzuri, nitakuwa nimemsaidia yule binti, maana bado namwonea huruma.

Asubuhi nzima sijasikia kitu. Mke wa mwanangu ameniita mara tatu, sikugeuka. Aliposema nyama inapoa nimegeuka, lakini mazoezi ndiyo kwanza yameanza.

Kabla sijafunga daftari, jambo moja, kwa sababu anayejifunza uziwi lazima awe mkweli mahali fulani. Yote niliyoandika ni kweli, kinyozi aseme atakavyo. Ila pale mkutanoni, shemeji aliposema anataka kumwona yule mzee, sikusimama kusema. Nilisimama kutoka. Nilikuwa nimeshashika kitasa, na injinia ndiye aliyeninyooshea kidole kwa furaha, akasema shikamoo mzee, huyu hapa. Shemeji akauliza ni nani. Hakuna aliyetaka kumwambia. Akaita kwa sauti ndogo, shemeji? Nami mkono ulikuwa bado kwenye kitasa. Akaita tena.

Hakuna aliyefuta machozi. Hilo nalo nililiongeza.