Posa kwenye Jiko la Wakorea

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Ziad amerudi kutoka Dubai. Si habari ya kuandikwa, lakini ameitangaza Biashara Street nzima tangu asubuhi, kuanzia dukani kwake hadi mlangoni kwangu. Mapazia! Mtu ameenda kununua mapazia, amerudi anaongea kama balozi. Baya zaidi, amepeleka posa kwa Lamis. Lamis wangu! Si wangu bado, lakini posa yangu ilitangulia. Na ni mimi ninayemjua: akija dukani husoma jina la kila leso kwa sauti, anacheka, hanunui kitu, na siku yangu inakuwa njema.

Mchana mama yake Lamis, Bi Amatullah, amepita dukani. Atazijibu posa zote mbili Ijumaa. Kisha akasifu kwamba Ziad ni mtu aliyetembea.

Mimi nimefika Voi tu. Nikajibu, bila kufikiri, kwamba hata mimi mambo ya ng'ambo nayajua, hasa ya Wakorea, na kwamba kwenye mkahawa wao mpya pale Mbaraki mimi ni mtu wa nyumbani. Vizuri, akasema, basi Alhamisi niwapeleke yeye na Lamis. Ulimi umeniponza.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefunga duka mapema, nikaenda kupeleleza. Ajabu! Katikati ya kila meza pana jiko. Nyama inaletwa mbichi, nyembamba kama karatasi, na mteja anajichomea mwenyewe kwa koleo. Halafu anaikata kwa makasi. Makasi! Kisha anaifunga ndani ya jani la saladi na kuitia kinywani yote kwa mpigo. Na bado analipa. Wakorea ni wafanyabiashara hodari.

Hatari nimeiona papo hapo. Kwetu mgeni hapikishwi. Kumwalika mama mkwe kisha kumpa koleo ni sawa na kumwambia arudi kwake. Kwa hiyo nitachoma mimi, peke yangu, kama bingwa.

Ikabaki jinsi ya kusadikika. Nikamwendea mhudumu, dada mcheshi anaitwa Awiti, nikamweleza shida yangu. Alhamisi anisalimie kama mteja wa siku zote, anipeleke kwenye meza yangu ya kawaida. Hayo tu. Akacheka, akasema hiyo kazi nimwachie yeye. Mtu wa maana sana.

Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi. Jiko la makaa juu ya meza ya sebuleni. Nyama nusu imeungua, nusu imekataa kuiva. Kitambaa cha meza, Mungu akirehemu. Dada yangu Shariffa ameuliza kama nimerogwa. Vipaji havitambuliwi nyumbani.

Alhamisi, 6 Novemba

Lazima niandike usiku huu huu.

Tulifika baada ya Magharibi. Kwanza Bi Amatullah alisoma cheti cha halali ukutani, mstari kwa mstari, akaridhika. Lamis alivaa mtandio wa kijani. Nikasahau nusu ya mpango.

Awiti akatokea. Akanikaribisha kwa jina, akatuketisha kwenye meza yangu, akauliza kama aniletee kama kawaida. Bi Amatullah akanitazama kwa heshima. Tungeishia hapo! Lakini Awiti alikuwa ameshakolea. Alipoleta nyama nami nikaanza kuichoma, akaniuliza, tabasamu hadi masikioni, mbona leo sikuja na yule dada ninayekuja naye kila Jumamosi.



Lamis akaweka vijiti vyake vya kulia mezani, taratibu. Hilo ndilo lililoniua. Nilikuwa na njia mbili tu: kuwa mhuni au kuwa mwongo. Nikachagua mwongo, maana angalau huo ndio ukweli. Nikakiri yote: hakuna dada, hakuna Jumamosi, nimekanyaga pale mara ya kwanza juzi, na Wakorea nawaona kwenye televisheni kama watu wengine. Awiti akaapa kwamba ni kweli, yeye aliongeza chumvi kwa nia njema. Wakati huo nyama ilikuwa imeshika moto. Moto wenye ndimi! Nikaupuliza. Ukazidi.

Bi Amatullah akanyoosha mkono. "Hebu nipa hilo koleo, mwanangu, kabla hujatuchoma na sisi."

Akachoma yeye. Mwalikwa! Akatugawia mmoja mmoja, akamsahihisha hata mzee wa meza ya pili aliyekuwa akigeuza nyama yake mapema mno. Nilikula nimeinamisha kichwa. Nyama ilikuwa tamu ajabu. Nilitaka kulia.

Ijumaa, 7 Novemba

Ziad ametundika pazia jekundu mbele ya duka lake, kama bwana harusi aliyekwisha kukubaliwa. Nimeshinda nikikunja leso zilizokwisha kukunjwa.

Baada ya Alasiri Bi Amatullah amekuja. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Akasema Ziad ni mtu mzuri, ila anajua kusema uongo ukaaminika, na yeye Bi Amatullah kwa umri wake hana nguvu za kumchunguza mkwe usiku na mchana. Uongo wangu mimi huanguka wenyewe kabla haujafika mlangoni. Tena nilipobanwa nilisema kweli mbele za watu, aibu nikaimeza. Mkwe wa namna hiyo anamweza. Na Lamis amecheka tangu jana hadi kashikwa na kwikwi. Amekubali.

Amekubali! Nimempa Bi Amatullah doti ya leso. Ningeweza kumpa duka.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefikiri sana juu ya Alhamisi, na kosa nimeliona. Mpango ulikuwa mzuri. Ni Awiti tu hakufanyishwa mazoezi.

Leo mjomba wake Lamis, Mzee Aidarus, amekuja kumtazama bwana harusi. Mtu mkali, ana boti Liwatoni, na wanaume wa madukani hawahesabu kuwa wanaume. Akaniuliza kama nimewahi kushika hata spana. Lamis akanikazia macho nisijibu. Nikajisikia nikisema kwamba injini za boti ndiyo kazi niliyoanzia maisha. Jumamosi anataka nimtengenezee yake.

Hakuna neno. Jioni nimekwenda Liwatoni nikaonana na fundi mmoja, Maxwell. Amekubali kunisalimia mbele ya mzee kama mwalimu wake wa zamani. Nimemsisitizia jambo moja tu: asitaje mwanamke.