Nyumba Iliyoinua Pua

Gazeti lilikuwa la miezi mitatu iliyopita, lakini kwa Mhariri, msomaji wa magazeti wa kijiwe cha kahawa, habari haichachi. Alilikuta dukani limefungiwa misumari, akalinyoosha juu ya goti, akakohoa kama mtu wa redio.

"Sikilizeni, enyi wapangaji! 'Mtaalamu asema nyumba za magurudumu ndizo jibu la kodi za mijini.'"

Benchi zima likageuka kumtazama Konokono.

Konokono akainamia kikombe chake cha kahawa. Jina hilo alipewa mwezi mmoja nyuma, siku alipohamia na nyumba yake. Yeye ni karani wa mizani katika kiwanda cha unga, pale ng'ambo ya barabara. Zamani alipanga chumba mwisho wa mji. Alitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na bado akachelewa mara tatu, mpaka akaandikiwa barua ya onyo la mwisho. Ndipo akanunua tela bovu lililokuwa likibeba mchanga, likajengewa kuta za mbao na paa la bati, likaegeshwa uani mwa gereji, kando ya kijiwe, hatua hamsini kutoka lango la kiwanda. Siku hizi king'ora kikianza kulia bado amelala, kikimaliza yuko kwenye mizani.

"Mtaalamu gani huyo?" Fundi Cheche, mchomeleaji aliyelijenga tela, akawaka. "Mtaalamu ni mimi! Wameniibia wazo."

"Wewe huibiwi, wewe unaiba," akasema Mzee Pensheni, mwalimu mstaafu ambaye ameisubiri pensheni mpaka imekuwa jina lake. "Kijana wa watu kaleta tela zima, ukalikata shingo."

Shingo ni ule mkono wa chuma wa mbele, unaofungwa kwenye gari.

"Ilikuwa ndefu bila sababu, mzee! Kile kipande nimemtengenezea nondo za dirisha. Mwizi akija, apite wapi?"

"Mwizi akija atavuta nyumba nzima, yenye matairi na Konokono ndani!" akasema Dada Birika, muuza kahawa, akicheka mpaka birika likamwagika.

"Na kule nyuma je?" Mhariri akachochea. "Umeongeza mita nzima, inaning'inia kama mkia wa kondoo."

"Ile ni nyongeza ya mke. Konokono mwenyewe aliomba. Mke utamweka juu ya tairi?"

Konokono alikunywa kahawa iliyokwisha zamani. Dada Birika ndiye aliyeona.

"Hee! Mbona leo una shati la kola? Zamu yako si saa sita? Unga nao siku hizi unavaliwa kola?"

Hakuwa na pa kujificha. "Shangazi wa mchumba wangu anakuja," akasema taratibu. "Saa nne. Kuangalia ninapoishi. Akikubali, mahari itazungumzwa. Akikataa, basi."

Mhariri akakunja gazeti.

"Ulimwambiaje kuhusu nyumba?" Mzee Pensheni akauliza.

"Nilimwambia iko karibu na kazi. Ina dirisha la nondo. Ina kibaraza."

"Kibaraza kipi?"

"Shingo iliyobaki. Nimeweka ubao juu."

Walicheka mpaka Fundi Cheche akashika mbavu. Walikuwa bado wanacheka mama mmoja aliposimama mbele yao, mrefu, mwenye mwili wa haja, kitenge kimemkaa, mkoba kwapani.

"Namtafuta kijana wa mizani."

Konokono akaruka wima. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba iko wapi?"

"Ndiyo hii, shangazi."

Shangazi alilitazama tela kutoka tairi mpaka bati, akarudi tena mpaka tairi.

"Hii ni nyumba, au inaondoka?"

"Ni nyumba, shangazi. Haijawahi kuondoka."

Mlango ulikuwa ubavuni, jirani na tairi. Shangazi akapanda, Konokono akabaki chini kwa adabu, moyo ukimpiga kama mashine ya kusaga. Kupitia mlangoni aliona kila kitu kwa macho ya mgeni: jiko dogo la mafuta, ndoo mbili zenye vifuniko, nguo tano kwenye misumari mitano. Na nyuma kabisa, kwenye ile nyongeza, kitanda kipya cha futi nne.

"Mbona godoro bado lina nailoni?"

"Sijalilalia, shangazi."

"Unalala wapi?"

"Hapo mbele, chini, kwenye mkeka. Kitanda nakiweka... mpaka tuwe wawili."

Shangazi aliligusa lile godoro kwa viganja, kama anayepima joto la mtoto. Kisha akaketi.

Tela likaguna. Pua ikainuka taratibu, shingo ikapaa hewani kama punda aliyekataa mzigo, ndoo zikaserereka, sufuria zikapiga makofi.

"Mwanangu!" sauti ya shangazi ikatoka ndani. "Mbona umeanza safari bila kuniambia?"

"Matofali!" Fundi Cheche akapiga ukelele. "Niliweka matofali manne pale nyuma ya kushikilia! Yako wapi matofali?"

Mhariri akatazama chini. Wote wakatazama alipotazama. Benchi la kijiwe lilivunjika miguu Jumatatu, na tangu Jumanne limesimama vizuri kabisa, juu ya matofali manne.

"Nilijua ni ya akiba," akasema Mhariri.

Wakaruka wote kwa pamoja upande mmoja, isipokuwa Mzee Pensheni. Benchi likapinduka naye, matofali yakapasuka vipande vipande. Hakuna aliyemwokota. Walikimbilia shingoni, Konokono, Cheche na Mhariri, wakaing'ang'ania mpaka ikashuka nusu. Mzee akaja nyuma akipangusa suruali, akawamalizia kwa kukaa juu yake.

Uso wa shangazi ukatokea kwenye dirisha la nondo. Aliona migongo minne imejipanga.

"Kumetokea nini?"

"Upepo, mama!" akasema Cheche.

"Na hawa wamefuata nini mlangoni kwa watu?"

"Ni majirani, shangazi," akasema Konokono. "Huwa wanakaa kibarazani."

"Wote?"

"Tunapendana sana, mama," akasema Mhariri, miguu ikielea.

Shangazi akawatazama mmoja mmoja. "Haya. Nimepanda mabasi mawili, miguu inawaka moto. Acha ninyooshe mgongo dakika mbili." Nailoni ikalia chakra chakra. Dakika mbili hazijaisha, wakasikia mkoromo mzito, wa mtu mwenye dhamiri safi.

Wanaume wanne wakatazamana.

"Tumekwisha," akanong'ona Cheche. "Atakayeshuka anamwaga mkwe."

"Hii ndiyo mtaalamu hakuandika," akasema Mhariri.

"Nyamaza, mwizi wa matofali. Nyumba ya mtu unaifanya miguu ya benchi!"

"Na wewe ulisema utachomelea miguu ya chuma ya tela lini?"

"Kesho."

"Kesho ya mwezi gani?"

"Mguu wangu wa kushoto umekufa," Mzee Pensheni akatangaza saa moja na nusu baadaye. "Ukifuata wa kulia, nizikeni hapahapa. Pensheni ikija, mpeni Birika."

Dada Birika alikuwa upande wa pili, amekaa kwenye kigoda chake, anafuta machozi ya kicheko. Ndipo king'ora cha kwanza cha kiwanda kikalia. Robo saa kabla ya zamu.

Konokono akageukia kiwanda. Lango lilikuwa palepale. Aliweza kuhesabu misumari yake. Alikimbia ule mwendo wa saa mbili kwa kuhamia hatua hamsini, na leo angechelewa kazini akiwa ameketi juu ya nyumba yake mwenyewe. Barua ilisema onyo la mwisho. Bila kazi hakuna mahari. Na shangazi akibingirika, hakuna hata wa kumpelekea mahari.

"Nenda," akasema Cheche. "Tutaishikilia."

"Hamuwezi."

"Umejuaje?"

Kilichomponza ni ujuzi. Miaka sita ya kupima magunia ilimfanya jicho lake liwe mizani ya pili, na kwa hofu akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Wewe Cheche sitini na moja. Mhariri hamsini na nane. Mzee themanini na nne. Jumla mia mbili na tatu. Shangazi ni tisini na sita, na yuko mbali na tairi. Kwa shingo hii uliyoikata, kila kilo yake inataka zetu mbili na nusu. Mia mbili na arobaini! Nikishuka, zinapungua thelathini na saba."

Mkoromo ukasita. Kisha ukaendelea.

"Dada Birika!" wakaita kwa pamoja, kwa mnong'ono.

"Mimi? Na jiko langu linawaka?"

"Njoo nalo!"

"Mimi si gunia, jamani."

"Dada yangu," akasema Konokono, "sina mwingine."

Dada Birika akaacha kucheka. Akalibeba jiko kwa vitambaa, birika mkono mwingine, akaja akajipachika kati ya Mhariri na Mzee Pensheni. "Anayenigusa namwagia," akaonya. Konokono akateleza chini polepole, akashika pumzi. Pua ikatikisika, ikatulia. Akakimbia. King'ora cha pili kilimkuta anafungua daftari.

Ilipofika saa nane, akiwa anapima magunia, aliona msafara langoni. Mbele alitangulia shangazi, kitenge kimenyooka. Nyuma yake kijiwe kizima, kila mmoja anachechemea kwa mguu wake.

"Kijana," akasema shangazi. "Mimi sikulala."

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu ulipoanza kunipima. Tisini na sita! Mbele ya watu! Mimi ni tisini na moja, mwulize yeyote nyumbani kwetu. Kama hujui kupima, hata hiyo kazi unatudanganya. Toa gunia."

Konokono akatoa gunia. Shangazi akavua ndala, akampa Mzee Pensheni mkoba, akapanda kwenye mizani, kidevu juu.

Kioo cha mizani kilimwelekea karani peke yake. Mshale ukacheza, ukasimama. Tisini na sita, wala haikupungua punje.

Wapakizi wakaacha kazi. Mhariri akarefusha shingo, Dada Birika akamvuta nyuma kwa kola. Kwa miaka sita Konokono hakuwahi kumsomea mtu kilo ya uongo. Meneja aliwahi kumbembeleza, akakataa.

"Tisini na moja, shangazi."

"Sikusikia."

"Tisini na moja. Kasoro kidogo."

Kijiwe kikapumua. "Mizani ya kisasa hiyo!" Cheche akashangilia, na wote wakaanza kurudi wakichechemea, wakibishana nani atanunua matofali na nani atakaa chini mpaka benchi litengenezwe.

Shangazi akavaa ndala bila haraka. Alipofika sawa na bega la Konokono, akasimama.

"Zahanati nao walisema tisini na sita," akamwambia polepole. "Waambie wazee wako waje Jumapili. Na ile nailoni, toa. Inapiga kelele."