Ombi la Kuiacha Dunia Iishe Walau Mara Moja

Ndugu Meneja wa Vipindi vya Televisheni,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kutuburudisha sisi tusiotosheka. Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima mwenye akili timamu, na mtazamaji wenu wa kila Alhamisi alasiri mnapoonyesha filamu za mwisho wa dunia. Nimezitazama kumi na tisa. Dunia haijaisha hata mara moja. Ndugu, huu si uungwana.

Nieleze kwanza inanihusu nini. Chumba changu cha kushonea na saluni ya jirani vinatenganishwa na ubao mwembamba tu, nasi tumeukata dirisha ili tutazame televisheni moja. Mwenye saluni ni msusi, mjane, nami ni mgane, na nampenda kiasi kwamba hata sindano ikinichoma sihisi. Mwaka jana nilimweleza. Alikuwa ameshika kichwa cha mteja, wala hakugeuka.

"Fundi," alisema, "gauni langu uliniambia njoo Ijumaa. Ijumaa ngapi zimepita? Wewe na huo mwisho wa dunia ni kitu kimoja: siku inatajwa, watu wanajiandaa, hakuna kinachotokea. Basi siku dunia ikiisha kweli humo kwenye televisheni, nitaolewa na wewe."

Mteja alicheka mpaka mstari wa nywele ukapinda. Mimi sikucheka. Nilijua nimekubaliwa, bado utekelezaji tu, na utekelezaji uko mikononi mwako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kimondo. Kimekuja mara saba, na mara zote saba kimelipuliwa zikiwa zimebaki sekunde tatu. Mara ya mwisho nilikuwa nimeshavaa koti.

2. Yule mwanasayansi mwenye miwani. Tangu mwanzo hakuna anayemsikiliza, mkewe kamwacha, bosi kamfukuza, halafu dakika ya mwisho anajitia kuwa na ufumbuzi. Nani kamtuma? Kama watu hawataki kumsikiliza, si anyamaze tu kama wenzake wenye adabu?

3. Mafuriko. Yalifunika kila kitu isipokuwa mlima mmoja. Nilisimama, nikamtazama msusi dirishani, naye akaacha kusuka. Ghafla mlimani akatokea mama mjamzito na mbwa wake. Msusi akaniambia wale ni watu, kwa hiyo haijaisha. Mbwa naye kamhesabu.

4. Kazi inaharibika. Barafu ilipokuwa inafunika bahari nilikuwa nakata suruali ya mwalimu mkuu, na sasa mguu mmoja unaishia gotini. Ametaka maelezo. Nimemwomba avute subira, huenda dunia ikaisha kabla ya mahafali.

5. Dada yangu anasema niache ujinga nimalizie gauni la watu. Hilo nimemwambia nitaliangalia Ijumaa.

Hivyo naomba kwa unyenyekevu, Alhamisi hii dunia iishe. Si lazima kwa kishindo. Iishe tu, asibaki mtu, mbwa wala mende. Wiki inayofuata mnaweza kuendelea na vipindi vya mapishi.

Nisalimie wasomaji wa habari, yule dada wa hali ya hewa, anajitahidi sana, na walinzi wa getini.

Wako mtiifu, anayesubiri maangamizi,

Fundi wa Chumba cha Pili

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha chini ya vitambaa nimelikuta lile gauni. Kumbe lilikuwa limebaki vifungo vitatu. Nimevishona, nikalipitisha dirishani. Nikasubiri kuambiwa nimeharibu kiuno. Kisha msusi akaja mlangoni kwangu amelivaa, machozi yakimlengalenga, akasema leo ni Jumatano, hata Ijumaa haijafika. Tunafunga ndoa baada ya wiki mbili. Kwa hiyo, ndugu yangu, futa yote. Na kama kimondo kimeshaanza safari, tafadhali mpigieni simu yule mwanasayansi mwenye miwani. Mwambieni fundi anaomba radhi, na suti yake nitamshonea mimi. Aje Ijumaa.