Vyumba Vitatu Kwenda Juu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Bwana Ardhi kaja kiwanjani kwangu, hapa katikati ya Mbinga. Mtu wa Tanga, mpole, viatu vyeupe. Kasema katikati ya mji hawataki tena vibanda. Ghorofa tu. Asiyekuwa nayo tarehe 25 anaachia kiwanja, anahamia kijiji kipya Kitai. Jirani yangu Isidori kasema atajenga chumba juu ya chumba, basi, kwa mji wetu inatosha. Nikasema mimi vitatu. Bwana Ardhi kaandika.

Jumanne, 5 Machi
Isidori ni fundi. Mimi kibarua, nimebeba zege miaka kumi na moja. Anayebeba ndiye anayejua uzito. Shemeji Emerensiana, mdogo wa marehemu mke wangu, kauliza mawe ya msingi natoa wapi. Sitoi popote. Naweka ngolo. Shambani kwetu mlimani tunalaza nyasi miraba miraba, tunafukia udongo, mashimo yanabaki katikati. Mlima wote ule, mvua zote zile, na maharage hayajateleza hata siku moja. Shemeji kasema maharage hayalali ghorofani.
Hajawahi kujenga.

Alhamisi, 14 Machi
Chumba cha chini kimekwisha. Matofali mabichi. Kuchoma ni kupoteza siku. Isidori bado yuko kwenye msingi, anapanga mawe. Nikamwuliza anamzika nani humo. Kacheka. Kasema mawe yamebaki, nichukue bure. Nimekataa. Anataka kunichelewesha.

Jumatano, 20 Machi
Cha pili tayari. Cha tatu kimefika madirishani. Nimekaa juu ya ukuta kutwa nzima. Naona bati za misheni. Isidori naona kofia tu. Nimeona na kaburi la Matilda. Alikuwa akisema nyumba yetu mgeni anaipita bila kuiona. Sasa haipitwi, mke wangu.

Jumapili, 24 Machi
Mvua toka juzi. Mashimo ya ngolo yamejaa. Ndiyo kazi yake, kushika maji. Nimerudi kutoka misa, mlango sikuuona. Chumba cha chini kimelainika kama ugali wa mgonjwa, kimezama. Cha pili kimeshuka juu yake taratibu, kizima, kimesimama chini. Cha tatu kimelala uani kwa Isidori, nyumba yake hakikuigusa. Kaja mbio akiuliza kama kuna mtu ndani. Hakuna. Shemeji kalia kwanza, halafu kacheka. Kacheka muda mrefu kuliko alivyolia.

Jumatatu, 25 Machi
Bwana Ardhi kahesabu, kapata kimoja. Nikamwambia ni viwili, kingine amekikanyaga. Katazama viatu vyake. Kaandika Kitai. Kiwanja changu kapewa Isidori, maana chumba chake cha juu kimeshaezekwa. Isidori kasema pole kaka, nibaki nimbebee zege, nitalala kwake. Nimemwambia mimi sifanyi kazi na watu wa vyumba viwili.

Alhamisi, 28 Machi, Kitai
Nimefika na jembe, godoro na picha ya Matilda. Katibu wa kijiji kasema nyumba zote huku ni za chini, mstari mmoja. Hajaona kitu huyu.
Njiani nimelijua kosa langu. Nilijenga vitatu. Kimoja kikazama, kimoja kikaanguka, kikabaki kimoja. Ningejenga vitano, vingebaki vitatu.
Kesho asubuhi nakata nyasi.