Kafili wa Wazungu

Jumapili, 2 Novemba. Jeddah

Leo nimetengeneza nchi! Nimeichora nyuma ya katoni la televisheni ya bosi: visiwa viwili vya Nyuzilandi, milima, mito, na bahari ya kalamu ya bluu iliyoisha wino kabla ya kufika kusini. Kusini watajaza wenyewe.

Ijumaa tunakutana Riyadh, mtaa wa Batha, juu ya hoteli ya Priscah, Mkenya mwenzetu. Wakenya wote tunaopenda michezo ya vita vya kale. Kila mtu analeta mchezo aliobuni. Utakaoshinda utachezwa mwaka mzima, na jina la mwenyewe litaandikwa ukutani. Hapa mtaani Al-Rawdah jina langu ni "ya sawag", yaani we dereva. Miaka mitatu! Nataka mara moja tu watu waseme Elijah na wapige makofi.

Absalom, mlinzi wa nyumba ya jirani, analeta Waroma. Kila mwaka Waroma. Mimi naleta Wamaori! Nilisoma habari zao kwenye simu nikimsubiri madam, mke wa bosi, dukani. Watu wa fahari hasa. Kabla ya vita wanamtolea adui ulimi, na mahandaki yao yaliwatoa jasho Waingereza na mizinga yao. Kete za maharagwe ni Wamaori. Makaroni ni Wazungu wanaokuja kulowea. Mwaka ni 1840.

Sasa fahari ya kazi yangu. Hakuna Mzungu kukanyaga ufuo bila kafili, kama bosi alivyo kwangu! Kila makaroni atafute chifu wa Kimaori amdhamini na kumkatia ikama, kile kibali cha kuishi. Nimecheka peke yangu mpaka madam akauliza kama naumwa.

Jumanne, 4 Novemba

Tumeujaribu mchezo mlangoni pa jikoni. Selipher, mpishi wetu, alichukua Wazungu. Mimi chifu, bila shaka.

Wajibu wa kafili niliuandika kwa uchungu wangu mwenyewe: chakula, chumba chenye dirisha, daktari, Ijumaa mapumziko, tiketi ya kwenda kwao. Haki tupu! Selipher alisoma, akawaleta makaroni wote kwenye ngome yangu, akawaketisha. Hawakulima. Hawakupigana. Aliuliza tu leo kunaliwa nini.

Nimewalisha viazi mpaka ghala likakauka. Nimewakatia tiketi za Uingereza, wakaenda, wakarudi na binamu zao. Mwishowe maharagwe yangu yalikufa njaa na makaroni wamenona. Selipher alisema hajawahi kuona kafili mwema hivi. Akauliza kama nahitaji mpishi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimerekebisha. Ijumaa ya mapumziko nimeifuta. Tiketi baada ya miaka kumi. Kiazi kimoja kwa siku, na kiwe kidogo. Maharagwe sasa yanameremeta!

Selipher alisoma sheria mpya mpaka mwisho. Kisha akasema chifu huyu anamjua, anamwoshea vyombo kila siku. Sikumwelewa. Wivu tu.

Jioni nilimwomba bosi ruhusa ya Ijumaa. Mafi, akasema, yaani hakuna, bila hata kuinua macho. Binadamu gani huyu, hajui mtu huchoka? Lakini Mungu si Athumani: madam ana harusi Riyadh, na mimi ndiye wa kumpeleka.

Ijumaa, 7 Novemba. Riyadh

Nimemwacha madam saluni, nikakimbilia Batha. Chumba kimejaa. Niliposoma sheria ya kafili walicheka mpaka wakasimama. Elijah! Elijah! Machozi yalinilengalenga, siwezi kuficha.

Kisha tukacheza. Mimi chifu wa kaskazini. Priscah akachukua Wazungu. Absalom akaomba awe chifu wa kusini, kule kusiko na bahari. Akauliza kwa upole kama kuna sheria inayomkataza kafili kutoa zaidi. Hakuna. Basi akawatangazia makaroni Ijumaa ya mapumziko, na nyama.

Yalla, twendeni, akasema Priscah, na makaroni wangu wote wakahamia kusini kwa mkupuo mmoja. Wote! Shamba langu likabaki magugu. Kwake wakalima, wakajenga, wakamtetea. Alipofika ngomeni kwangu na jeshi mchanganyiko, nilimtolea ulimi. Haukusaidia.

Wakapiga kura. Mchezo bora ni wangu! Ila ukutani wameandika "Mchezo wa Absalom", kwa kuwa, walisema, yeye ndiye aliyewaonyesha unavyochezwa. Nilikuwa naenda kuwapokonya kalamu simu ikalia. Madam. Amemaliza saluni mapema, amesimama juani. Ya sawag, uko wapi?

Jumamosi, 8 Novemba. Jeddah

Njia nzima nilikuwa nawaza.

Bosi alinipokea getini; madam alikuwa ameshamshtakia. Amebadilisha kufuli. Kuanzia leo sitoki hata kununua mkate bila ruhusa yake, na ufunguo analala nao. Nililia kwa hasira mbele ya Selipher. Kumfungia mtu mzima kama kuku! Dhuluma hii itamrudia!

Selipher alinipa chai. Akasema taratibu kwamba sasa labda nimeelewa kwa nini makaroni walinikimbia.

Nikaelewa! Palepale! Nimelitoa katoni na kuandika sheria mpya kwa wino mwekundu: pwani yote ya kaskazini ifungwe kwa geti, na ufunguo akae nao chifu. Tuone watahamia wapi. Sheria nzuri mno, sijui kwa nini haikunijia mapema. Selipher amechukua kikombe chake na kuondoka. Nadhani amezidiwa na furaha.