Somo la Mfano Lililopata Alama Mia

Kwa furaha kubwa, na kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Idara, nautangazia umma kwamba historia imeacha kufundishwa peke yake. Kuanzia sasa inafundishwa kwa ufungamano. Maana yake ni kwamba mwalimu wa historia, fasihi au dini akiingia darasani, lazima aingie na masomo mengine yasiyopungua matatu, pamoja na kifaa kimoja cha umeme kilichowashwa. Waraka wenyewe niliuandika mimi, Afisa Mratibu wa Ufungamano, na sentensi yake fupi kuliko zote ina mistari tisa.

Waraka ulipokelewa vizuri. Mwalimu mmoja wa fasihi, ambaye shule yake haina kompyuta hata ya kuazima, alichambua shairi huku akipiga pasi. Aliniambia kwamba shairi ni fasihi, mvuke ni fizikia na suruali ni stadi za kazi. Nilimpa sabini na nane. Mwingine alifundisha habari za falme za kale mbele ya feni mpaka karatasi zikapeperuka nje ya dirisha, na kwa kuwa wanafunzi walizikimbilia, nikamwongezea alama za michezo.

Aliyetia mchanga kwenye pilau letu alikuwa mmoja tu. Ni mwalimu wa historia wa sekondari iliyopakana na ofisi zetu, mama mwenye miaka ishirini na saba kazini, ambaye wanafunzi humwita Mama Ushahidi. Kwenye fomu ya kujitathmini, penye swali "Taja kifaa ulichotumia," aliandika, "Chaki." Penye "Eleza ulivyokiwasha," aliandika, "Niliuliza swali."

Mkurugenzi aliisoma fomu mara mbili, ya pili akiwa amesimama.

"Huyu mama anatucheka."

"Labda hakulielewa swali, Mkubwa."

"Amelielewa sana. Alhamisi Mgeni Rasmi anakuja. Huyu ndiye atakayetoa somo la mfano. Akivurunda, anakwenda stoo ya vitabu kupanga kamusi, na vipindi vyake vyote nampa mtu wa kompyuta. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimkuta ofisi ya walimu akisahihisha, rundo la madaftari likiwa limemfika kidevuni.

"Stoo?" Akaiweka kalamu chini. "Yaani mimi nikae na vitabu bila watoto?"

"Ni ugawaji upya wa rasilimali watu, mama."

"Mwanangu, sema kufukuzwa. Mimi ni mtu mzima, nitavumilia."

Nilimwonea huruma, hisia ambayo haimo kwenye orodha ya majukumu yangu. Nikamweleza kwamba waraka unadai chanzo cha kidijitali, cha kisasa, chenye manufaa kwa taifa.

"Kama kipi?"

Hilo waraka haukulisema, kwa hiyo nikarudi kumuuliza Mkurugenzi. Uso ulimchanua.

"Taarifa yetu! Mpe Taarifa ya Mafanikio. Mgeni aione ukutani, kubwa, watoto wanaisoma!"

Taarifa ya Mafanikio ya Ufungamano ina kurasa sitini na picha arobaini, moja kwa kila shule tuliyotembelea. Niliiandika mimi na Mkurugenzi akatia saini. Sio nakala ya kuchapwa niliyompelekea mama yule, ni faili lenyewe, jinsi lilivyotoka kwenye kompyuta yangu. Nilitaka picha ziwe safi.

Alhamisi saa nne darasa lilikuwa tayari. Projekta ilikaa juu ya kamusi mbili, waya wa umeme ukapita katikati ya madawati, na ukutani tukatundika shuka jeupe. Mimi nilikaa mbele na kishikwambi. Mfumo wetu ni rahisi: somo lolote likijitokeza, nalibonyeza, na alama zinapanda pembeni mwa shuka watu wote wakiziona. Mgeni Rasmi aliketi, akasifu projekta, simu yake ikaita, akatoka nayo kwenye korido. Mkurugenzi akaagiza tuanze ili akirudi akute mambo yamepamba moto.

"Leo hatuna kitabu," alisema Mama Ushahidi. "Tuna hii taarifa. Maswali yetu ni yale yale. Nani aliandika? Lini? Alikuwepo? Anafaidika nini? Haya, ingieni kazini."

Msichana wa dawati la mbele, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, inasema timu ilitembelea shule arobaini kwa siku tano, na kila shule walikaa saa tatu kamili."

"Basi piga hesabu."

"Saa mia na ishirini. Na siku tano zina saa mia na ishirini."

"Kwa hiyo safarini walitumia muda gani?"

"Saa sifuri, mwalimu. Kula sifuri. Kulala sifuri. Na chooni..."

"Tumeelewa, keti."

Nilibonyeza Hisabati. Mkurugenzi aliniinamia sikioni akasema watoto wanahesabu vizuri. Bado alikuwa na furaha.

"Kivuli cha mlingoti wa bendera," alisema mwanafunzi mmoja mrefu wa nyuma. "Picha ya kwanza ni shule ya kaskazini, asubuhi. Ya ishirini ni ya kusini, jioni. Lakini kivuli kimelala upande ule ule, urefu ule ule. Jua lilikuwa limegoma."

Nilibonyeza Jiografia.

"Na huyu mtoto aliyekatika kifungo cha shati yuko picha zote arobaini," sauti nyingine ilisema.

"Huenda ni ndugu wanaofanana," alisema Mama Ushahidi. "Tusimwonee mtu."

"Mwalimu! Mapacha arobaini?"

Nilibonyeza Biolojia. Kwa faida ya kumbukumbu, huyo ni binti wa dereva wetu, mtoto mvumilivu sana.

"Halafu mlingoti wenyewe," alisema yule wa miwani, "si ndio ule pale?"

Darasa zima liligeukia dirishani. Ng'ambo ya ukuta, nyuma ya ofisi za Idara, mlingoti wetu ulikuwa umesimama wima, na kivuli chake kimelala vile vile. Hapo nilijikuta nachelewa kubonyeza, kwa sababu sikujua kama ule ni upimaji wa ardhi au uraia. Nikabonyeza vyote viwili.

Mkurugenzi alianza kutoka jasho. "Zima," alininong'oneza.

"Haiwezekani, Mkubwa. Kifaa kikizimwa kabla ya kengele, waraka unafuta alama zote."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

Nilikiinamia kishikwambi kwa heshima.

Wakati huo watoto walikuwa wamefika kwenye lugha. Walisoma kwa sauti maneno ya wanafunzi arobaini waliohojiwa, na wote arobaini, tangu wa awali hadi wa kidato cha nne, walikuwa wamesema, "Kwa hakika ufungamano umetuongezea ari shirikishi." Kamtoto ka miaka mitano nako kalisema hivyo hivyo. Darasa lilicheka mpaka kamusi zikayumba na picha ikaenda darini.

"Bado hatujajua lini," alisema Mama Ushahidi bila kucheka.

Yule wa miwani alikwenda kwenye kompyuta, akafungua maelezo ya faili, akasoma. Taarifa ilikamilika kuandikwa wiki tatu kabla ya safari kuanza. Chini ya tarehe palikuwa na jina la mwandishi. Alilisoma taratibu, akakunja uso, kisha akatazama kadi ya kazi niliyokuwa nimeining'iniza kifuani.

"Kumbe ni huyu!"

Wanafunzi hamsini walinitazama. Sikuwa na la kufanya. Nilibonyeza Tehama, kengele ikalia, na shuka likawaka rangi ya kijani: mia kwa mia. Haijawahi kutokea nchi nzima. Watoto walipiga makofi na vigelegele, na Mgeni Rasmi, ambaye alikuwa amemaliza kuongea na simu, akaingia katikati ya shangwe.

"Mia!" alisema. "Mkurugenzi, mmefanya makubwa. Hili somo liende shule zote, kama lilivyo, neno kwa neno, picha kwa picha."

"Mheshimiwa, pengine tungelifanyia marekebisho madogo..."

"Limepata mia. Unarekebisha nini?" Akamtazama vizuri. "Au kuna sababu ya kulizuia? Niambie sasa hivi, mbele ya watoto."

Mkurugenzi alitazama shuka, akanitazama mimi, akatazama dirisha. Ili somo lizuiwe, ilibidi aseme sababu.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema.

Mama Ushahidi aliketi kwenye kiti chake, akakishika kwa mikono miwili, akalia waziwazi mbele ya wageni. Hakuna aliyemwambia tena habari za stoo.

Waraka wa kulisambaza Mkurugenzi aliutia saini mwenyewe. Sasa kila Alhamisi, saa nne, katika shule mia mbili, watoto wanagundua upya kwamba amedanganya. Alama za nchi zimepanda sana. Anaalikwa kila mahali kuona matokeo, na kila anapofika gwaride linampokea kwa jina la Bwana Saa Sifuri. Ni lazima apunge mkono.

Mimi niko palepale kazini. Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, binti yangu wa kidato cha kwanza alinijia na daftari. Yuko darasa la Mama Ushahidi, na alipewa zoezi: "Taja sababu tatu zilizomfanya mwandishi wa taarifa adanganye."

"Baba, si ulikuwepo? Nisaidie."

Nilimsaidia. Ni nani angelijua swali lile kuliko mimi? Tukaandika ya kwanza, aliogopa bosi wake. Ya pili, alitaka cheo. Ya tatu nilifikiri sana, nikamwambia aandike kwamba alikuwa na nia njema.

Jumatatu alirudi na mbili kati ya tatu. Pembeni mwa ile ya mwisho, kwa wino mwekundu, Mama Ushahidi alikuwa ameandika, "Hakuna ushahidi."

Nimekata rufaa kwa barua rasmi yenye kurasa nne. Nimejibiwa kwa mstari mmoja, kwamba rufaa yangu itasikilizwa nikileta uthibitisho wowote, isipokuwa picha.