Bunduki ya Kimya na Keki ya Harusi ya Watu

Leo nimeadhirika. Si kuadhirika kwa kujikwaa mbele za wakwe, la. Nimeadhirika mbele ya watu wa suti, mbele ya mchungaji, na mbele ya kunguru. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa ile video, maana najua Ukunda imeshafika. Na wenye makosa nawataja, simfichi mtu. Wa kwanza ni Mutiso, meneja. Wa pili ni Salimu wa stoo, shemeji yangu, ndugu wa mke wangu tumbo moja. Wa tatu ni mimi, lakini mimi nimeshaadhibiwa.

Wengi humu grupuni mnajua nafanya kazi kwenye hoteli moja hapa Diani. (Nilikuwa nafanya. Ngojeni, tutafika.) Mimi pale ni masalia. Walipopunguza watu mara ya kwanza, nilibaki. Walipopunguza tena, nilibaki. Korona ilipokuja hoteli ikafungwa, wenzangu wakarudi kulima Mkongani, mimi nikaachwa nilinde bwawa la kuogelea lisilo na maji. Mameneja wamekuja, mameneja wameondoka, Bakari yupo. Lakini yupo kibarua! Mtu mzima na mvi zangu, kibarua. Leo upo, kesho ukiambiwa usije, huji, na huna wa kumuuliza.

Kazi yangu ni kunguru. Asiyewajua kunguru wa Diani aje akae na sahani yake nje dakika moja tu. Soseji wanaichukua ikiwa kwenye uma. Pakiti za sukari wanazifungua vizuri kuliko mimi. Mayai ya ndege wengine wanayala, mpaka siku hizi asubuhi husikii ndege mwingine ila wao. Ndiyo hoteli ikanunua bunduki ya upepo, kibali chake kipo, ile unayoivunja katikati ukatia kirisasi kama punje ya choroko.

Sasa ile bunduki ilikuwa na mlio. Si mlio wa vita, ni kama kofi juu ya ubao: pah! Lakini mgeni amekuja kupumzika, amelala kando ya bwawa, mara pah!, kunguru huyo karibu na taulo lake. Mama mmoja wa Kijerumani alilia mpaka chakula cha jioni, akataka marehemu azikwe. (Nilimzika mimi. Kaburi nalijua.)

Mutiso akaamua inunuliwe salensa. Ni kama ile ya pikipiki lakini nyembamba, unaizungusha mdomoni mwa bunduki kama kifuniko cha chupa, inameza mlio. Kule dukani Mombasa zilikuwepo mbili, fupi na ndefu. Mimi nikasema ichukuliwe fupi, maana ndefu inaelemea mbele, unamlenga kunguru, mkono unashuka, unajikuta unalenga chungu cha maua.

Mutiso akanicheka. "Mzee, ndefu ndiyo inanyamaza zaidi. Ama wewe siku hizi ni injinia?"

Mimi shule niliachia darasa la nne. Ikaja ndefu.

Na sitaidhulumu, ilifanya kazi. Ukipiga husikii ila "tsss", kama mwanamke aliyekufyonya kwa mbali. Wageni wakasahau kama nipo. Kunguru ndio hawakusahau. Sura yangu wameishika. Nikitokeza tu nyuma ya jikoni, mmoja anapiga kelele, wa pili anapokea, habari inakwenda mnazi hadi mnazi. Bunduki nimeinyamazisha, wao nani atawanyamazisha?

Shida ikawa chumvi. Hewa ya hapa inakula hata kufuli, sembuse kitu chembamba kile. Wiki hii salensa imeanza vidoa vya kutu, na ukiizungusha inalia kriii, meno yanakufa ganzi. Jana jioni nikaenda stoo.

"Shemeji, nipe mafuta ya bunduki."

"Yameisha," Salimu akasema, hata kichwa hakuinua.

"Yameisha lini?"

"Tangu yalipoletwa." (Pikipiki yake haina kutu hata chembe. Mimi sisemi kitu.)

"Sasa nifanyeje, na kesho kuna harusi?"

"Tia ya nazi. Chuma ni chuma. Marehemu nyanya cherehani yake alikuwa akiitia mafuta ya nazi, na ilimshonea mpaka sanda."

Nikaona hayo ni maneno ya mtu mwenye ushahidi. Akanipa chupa ya yale mafuta wanayokandiwa wageni, ya nazi, yametiwa pia asumini. Nikayamimina ndani ya salensa. Sikutia tone, nilitia kama mtu anayejaza taa. Nikaizungusha mahali pake, laini, hata hailii tena. Kisha, kwa akili zangu mwenyewe, nikaisimamisha bunduki pembeni mdomo juu, ili mafuta yapenye vizuri.

Yalipenya! Yalishuka usiku kucha, yakapita mtutu wote, yakaenda kukaa kule ndani inakobanwa pumzi ya bunduki. Lakini hilo sikulijua. Nililala kama mtoto.

Leo asubuhi Mutiso akaniita pembeni.

"Mzee Bakari, hawa ni watu wakubwa kutoka Nairobi. Keki yenyewe ni ghorofa tano. Kunguru hata mmoja asiiguse. Na nataka kimya. Mgeni asijue hata kama uko. Hii ikipita salama, Jumatatu nakuandika permanenti. Bima, likizo, kila kitu."

"Kweli, bwana meneja?"

"Mzee, si tunajuana?"

(Hatujuani.)

Miaka yote ile nimeingoja hiyo kauli, na leo nimeipata nimesimama karibu na pipa la taka. Nikampigia mke wangu, mama Riziki, palepale. Akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Hilo ndilo kosa langu kubwa la leo, kuliko hata mafuta. Kumpigia.

Alasiri harusi ikaanza. Viti vyeupe vimepangwa kwenye nyasi vikitazama bahari. Keki iko kando, mezani, chini ya mnazi. (Nani anaweka keki chini ya mnazi? Mutiso.) Mimi nimechuchumaa ndani ya kichaka cha boganvila, nyuma ya safu ya mwisho ya viti, miba inanisalimu mgongoni.

Mchungaji akasema, "Tuinamishe vichwa vyetu."

Kimya. Vichwa vyote chini.

Kunguru akaja. Dume zima, shingo ya kijivu, kama amealikwa. Akatua kwenye kuti la ule mnazi. Akaitazama keki. Akanitazama mimi. Akaitazama keki tena.

Nikawaza bima. Nikawaza likizo. Nikainua bunduki. Mlengo ulikuwa juu mbinguni, hakuna binadamu huko. Nikazuia pumzi, nikafyatua, nikingoja ule mfyonyo wangu.

BAAAA!

Jamani. Haikuwa "tsss". Haikuwa hata "pah". Ulikuwa ni mlio wa tairi la lori linapopasuka. (Fundi mmoja pale Ukunda amenieleza leo hii kwamba mafuta yakibanwa kwa nguvu kule ndani yanawaka, kama kwenye injini ya dizeli. Asante, fundi. Ungenieleza jana.) Moshi mweupe ukatoka mdomoni, na harufu, haki ya Mungu, ya mahamri yakiiva.

Harusi nzima ikalala chini. Suti zote kwenye nyasi. Mchungaji ndiye aliyetangulia, "Amina" akaimalizia chini ya kiti. Bwana harusi alimruka bibi harusi akajificha nyuma ya spika. (Hiyo ndoa mimi siitabirii mema.)

Mjomba wa bibi harusi alikuwa kiti cha nyuma, hatua chache kutoka kwangu. Tone zito la mafuta likamtua kwenye kipara. Akajishika, akahisi unyevu.

"Nimepigwa! Nimepigwa kichwani!"

"Hujapigwa, mzee," nikamwambia kutoka ndani ya boganvila.

"Damu inanitiririka!"

"Si damu, mzee wangu. Ni mafuta ya nazi."

Akanusa vidole. "Ya nini?"

Nikajirudisha ndani ya boganvila.

Halafu nikautazama mdomo wa bunduki. Hakuna salensa. Kwa mafuta yote yale ilikuwa imelegea, na ule mlipuko umeirusha kama kizibo cha soda. Nikainua macho nikaiona, nyeusi, ndefu, inazunguka hewani. Ikampita kunguru. (Hakutikisika.) Ikafika ilipofika, ikaanza kushuka. Nikaanza kuomba kwa sauti. "Ya Rabbi, baharini. Ya Rabbi, basi hata mchangani."

Ilitua kwenye keki.

Ghorofa ya juu kabisa, katikati ya yule mwanamume na mwanamke wa sukari. Ikazama mpaka ghorofa ya tatu. Keki ikasimama kidogo, kama mtu anayekumbuka alichokisahau nyumbani. Kisha ikalala yote kwenye nyasi.

Na kunguru wangu? Alishuka taratibu, bila haraka, akaonja krimu, akaita wenzake. Walikuja wa Diani wote, na nahisi na wa Msambweni walipata habari.

Bibi harusi ndiye aliyekuja kwangu, viatu mkononi. Nikatoka kwenye boganvila na matawi mawili yamening'inia shati. Hakunipigia kelele. Bora angenipigia.

"Mzee, ulikuwa unapiga nini?"

"Kunguru, mwanangu."

"Alikuwa amefanya nini?"

"Nilikuwa namzuia asiguse keki."

Akageuka akaitazama keki yake. Haionekani, ni mabawa tu. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, nikashindwa kujua nimpe pole au niondoke. Mimi mwenyewe machozi yalikuwa hapa. Lakini nimeshika bunduki, na mtu aliyeshika bunduki halii. Watu watalala chini upya.

Mutiso akafika mbio, tai imeenda mgongoni.

"Umetia nini humu?"

"Mafuta."

"Muuzaji alisema ndani haitiwi mafuta! Inapanguswa na kitambaa kikavu, basi!"

"Hukuniambia."

"Nilimwambia Salimu akwambie!"

Sote wawili tukamgeukia Salimu. Alikuwa amekuja kutazama, na mkononi ana kipande cha keki ambacho kunguru hawajakifikia. Akatafuna. Akameza.

"Mimi nilidhani anajua," akasema.

Watu waliokuwa wamelala wakaanza kuinuka na kujikung'uta nyasi, na kila aliyeinuka aliinuka na simu imeelekezwa kwangu. Mutiso akanyoosha mkono, nikampa bunduki.

"Nenda nyumbani, mzee. Jumatatu usije."

"Na ile permanenti?" (Sijui kwa nini niliuliza. Ulimi uliteleza wenyewe.)

"Ndiyo hiyo nimekupa. Usije kabisa."

Mimi niliyenusurika hoteli kufungwa, nikanusurika korona, nikanusurika kila meneja aliyekuja na ufagio wake, nimefukuzwa kwa chupa ya mafuta ya kukandia wageni. Aliyeyatoa yupo kazini. Meneja ambaye hakuniambia mwenyewe yupo kazini. Kunguru yupo, na ameshiba.

Getini askari akanivua shati la kazi kwa heshima zote. Kisha akaangalia chini.

"Viatu pia ni vya hoteli, kaka Bakari. Niwie radhi."

Akanitafutia kandambili za mgeni aliyezisahau. Za rangi ya waridi, na zote mbili za mguu wa kushoto. Nimetembea nazo mpaka Ukunda, na fulana ya ndani, mtu mzima. Pale barabarani muuza mishikaki akanikazia macho, akatazama simu yake, akanitazama tena.

"Kaka, wewe si ndiye yule wa harusi?"

"Si mimi."

Akasogea akanusa. Asumini na nazi. "Ni wewe," akasema, akaita wenzake waje waone.

Nimefika nyumbani, pikipiki ya Salimu ipo mlangoni. Kanitangulia! Amekaa mkekani anakunywa chai, na ua zima linanukia bizari. Mama Riziki amechinja jogoo. Yule jogoo mkubwa. Kwa ajili ya kazi yangu ya kudumu. Jirani wawili wameshaalikwa, na mmoja amekuja na shada la maua ya kilua.

Nikamwinamia Salimu sikioni. "Umemwambia dada yako?"

"Hata, shemeji. Nimekuachia mwenyewe. Hii ni habari yako." Akachovya mkate kwenye chai.

Mama Riziki akachungulia kutoka jikoni, jasho usoni, anacheka peke yake. Akaziona kandambili. "Zawadi ya wazungu?" Nikasema ndiyo. Nikaingia chooni nikajifungia, na ndiko ninakoandikia haya.

Kwa hivyo nawaomba, ndugu zangu. Mwenye kucheka acheke kwa kuandika, asinitumie voisi. Simu yangu spika haipungui sauti, kati ya hapa na jikoni ni ukuta wa makuti tu, na mimi ningependa jogoo aive kwanza.